Sungura Mgeni Anayekuogopa: Jinsi ya Kujenga Imani Bila Kumkimbiza

Sungura wetu alifika nyumbani, Section 58 hapa Nakuru, ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia iliyotobolewa matundu ubavuni. Tulimnunua kwa mfugaji mmoja upande wa Njoro, akasafiri kwa matatu akiwa kwenye mapaja ya binti yangu. Tulipofungua katoni sebuleni, aliruka nje, akateleza kwenye saruji, akajipenyeza nyuma ya kabati na kukaa huko mpaka usiku. Binti yangu alilia. "Mama, hanipendi."

Nikamwambia, "Hajakujua bado, mwanangu. Tumwache."

Nilijua ninachosema. Miaka kadhaa kabla ya hapo tulikuwa na sungura mwingine. Kila mgeni aliyebisha hodi alionyeshwa sungura: anatolewa kizimbani, anapitishwa mkono kwa mkono, anapigwa picha, anarudishwa. Siku ya tatu aliacha kula. Tulidhani amenuna. Asubuhi ya siku ya nne tulimkuta amekufa, na hata leo nikikumbuka moyo huniuma, kwa sababu alikuwa akituambia shida yake kwa njia zote alizokuwa nazo, nasi hatukuielewa lugha hiyo. Tangu wakati huo nimejifunza kwa kuuliza madaktari wa mifugo na wafugaji, na kwa kumtazama huyu wa pili kwa saa nyingi. Nilichokipata ni hiki: sungura humkaribia mtu pale anapokuwa na hakika kwamba akitaka kuondoka, ataondoka. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na hilo.

Kwanza, elewa anachokiogopa

Katika hadithi tulizosimuliwa jikoni, Sungura ni mjanja anayemzidi Fisi akili. Yule wa hadithi ni wa porini kwetu, anayelala juu ya ardhi katikati ya nyasi na kutegemea mbio zake. Huyu tunayemfuga ni mnyama mwingine. Asili yake ni Ulaya, pande za Hispania na Ureno, na ndugu zake wa mwituni huishi kwenye mashimo wanayoyachimba wenyewe. Kwa hiyo anaposhtuka, hatafuti uwanja wa kukimbilia. Anatafuta shimo. Ukimfungia mahali pasipo na shimo, umemwacha bila mlango wa nyumba yake.

Macho yake yako pande mbili za kichwa. Anaona karibu kila upande, hata juu, kwa sababu mwewe hutoka juu. Lakini kuna sehemu ndogo asiyoiona, nayo iko mbele ya pua na chini ya kidevu. Sasa fikiria tunavyomsalimia: tunasimama, tunainama juu yake, tunanyoosha mkono mpaka puani. Mkono unaotoka juu ni mwewe. Mkono unaofika puani unapotea machoni pake, kisha anaguswa na kitu asichokiona.

Wengi wanaouzwa kwetu ni wale weupe wa aina ya New Zealand, wenye macho mekundu. Kama wako ni wa aina hiyo, huenda umemwona akiyumbisha kichwa taratibu kushoto na kulia huku amesimama tuli. Watu humwona wakadhani ana wazimu au amelogwa. Macho yake hayana rangi inayokinga mwanga, hivyo haoni vizuri, na kuyumba kule humsaidia kupima umbali. Kwa sungura kama huyu, sema neno kabla ya kusogea, kila mara, na kizimba chake usikiweke kwenye mwanga mkali wa dirisha.

Andaa mahali kabla hajafika

Chagua pembe ya chumba isiyo njia ya watu, mbali na runinga na mlango unaobamizwa. Barazani sipapendi: paka hupita, mbwa wa jirani hubweka langoni, na harufu tu ya wanyama hao inatosha kumnyima sungura usingizi. Kama lazima akae nje, banda liwe na kuta tatu zilizozibwa kabisa na paa linalomkinga mvua na upepo. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya usiku anaistahimili akiwa mkavu, lakini akilowa na kupigwa na upepo ataugua. Walio Kisumu wana taabu ya upande wa pili. Joto likikaribia nyuzi 30, sungura anaanza kuhatarika, kwa hiyo wakati wa mchana mwekee kivuli, maji ya kutosha, na chupa ya maji yaliyogandishwa iliyofungwa kwa kitambaa ambayo ataegemea akitaka.

Sakafu ni jambo watu wengi hulisahau. Nyayo za sungura hazina vifuko laini kama vya paka, ni manyoya tu. Kwenye saruji laini au vigae anateleza, na mnyama anayeteleza kila akijaribu kukimbia huishi kwa hofu. Nyavu za waya nazo humchubua nyayo mpaka zinatoa vidonda. Tandika mkeka, gunia la katani au blanketi kuukuu.

Kisha tengeneza shimo. Chukua katoni ambayo ataweza kuingia mzima na kugeuka ndani yake, iweke ikiwa imefunikwa juu, ukate milango miwili kwenye pande mbili tofauti. Miwili, tafadhali. Katoni yenye mlango mmoja ni mtego: adui akisimama mlangoni, mambo yameisha. Tulipokata mlango wa pili kwenye katoni ya wetu, jioni ile ile alianza kulala ndani huku kichwa kikiwa nje, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa siku tano.

Ziba nyuma ya kabati na chini ya kitanda, na inua nyaya za umeme, maana atazitafuna. Weka maji kwenye bakuli zito asiloweza kulipindua. Kwenye pembe moja weka trei yenye maranda na nyasi kavu kando yake. Sungura hupenda kujisaidia huku anakula, na ukiliheshimu hilo hutakuwa na kazi kubwa ya kufagia.

Nyasi kavu ndizo chakula chake hasa. Zile za boma Rhodes zinazouzwa kwa marobota kwa wafugaji wa ng'ombe zinafaa sana, alimradi hazina ukungu wala vumbi jingi. Kila siku awe na rundo linalolingana na mwili wake.

Unapomchukua kwa mfugaji, omba vitu viwili: kiasi cha chakula alichokuwa akila, na konzi moja ya nyasi alizokuwa akilalia. Chakula kile kitalikinga tumbo lake lisivurugike kwa mabadiliko ya ghafla. Nyasi zile, hata kama zinanuka, ziweke ndani ya katoni yake mpya. Ni harufu yake mwenyewe, na usiku wa kwanza hana kingine anachokijua.

Siku tatu za kumwacha

Mfungulie katoni ya safari ndani ya eneo lake, ikitazamana na shimo lake, uondoke. Asitolewe kwa mkono. Kwa siku mbili tatu za kwanza kazi yako ni kuleta nyasi, kubadilisha maji, kusema maneno machache kwa sauti ya kawaida, na kwenda zako. Usimwogeshe, hata akiwa mchafu; maji humtia hofu kubwa na baridi inaweza kumuua.

Jambo la kuchunguza kwa makini ni kama anakula na kama anatoa kinyesi. Vidonge vyake vya kawaida ni vya duara, vikavu, ukubwa wa njegere, na ni vingi. Ukimwona akila vile vidogo laini moja kwa moja kutoka mwilini mwake, usishtuke, ndivyo anavyopata virutubisho mara ya pili. Lakini akipitisha muda wa saa 12 bila kula chochote, au trei ikawa haina kinyesi tangu jana, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Utumbo wa sungura unatakiwa uende muda wote. Ukisimama, gesi hujaa, na yeye hawezi kutapika. Hofu peke yake inatosha kuusimamisha. Hivyo ndivyo tulivyompoteza yule wa kwanza.

Jifunze pia sauti ya mguu wake. Akipiga kishindo sakafuni kwa mguu wa nyuma, anatangaza hatari. Ukisikia, simama ulipo, uongee polepole. Akijibana chini, masikio yamelala mgongoni, macho yametoka na anapumua kwa haraka, rudi nyuma hatua kadhaa. Usibaki hapo ukimbembeleza. Bado haelewi kubembeleza kwako.

Kaa chini

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa methali hiyo ni maagizo ya kazi. Ukisimama, wewe ni mti wenye mikono. Keti sakafuni ndani ya eneo lake, ubavu wako ukiwa upande wake, na usimkodolee macho. Wakati mzuri ni alfajiri na magharibi, kwa sababu ndizo saa ambazo sungura huamka na kutembea. Saa sita mchana amelala, na unayemwamsha usingizini hatakupenda.

Njoo na kazi ya mikono. Hili nalisisitiza kuliko mengine, kwa sababu mtu aliyekaa bure humtazama sungura, na kutazamwa ndiko anakokuogopa. Mimi nilikuwa nikichambua maharagwe kwenye sinia. Binti yangu alifanya kazi zake za shule akiwa amelala kifudifudi. Dakika 20 hivi asubuhi, 20 jioni, kila siku. Siku nne za kwanza tuliona pua tu ikitoka kwenye katoni. Siku ya tano alitoka.

Angalia anavyotoka. Miguu ya nyuma huiacha nyuma imekanyaga imara, kisha huuvuta mwili mbele kama mpira mpaka pua ifike kwenye kidole chako cha mguu. Nusu yake imekuja, nusu iko tayari kutoroka. Hapo ndipo karibu kila mtu huharibu, maana furaha inampanda na mkono unakwenda wenyewe. Usimguse. Endelea na maharagwe yako. Atanusa, ataruka nyuma, atarudi. Kila akirudi bila kukamatwa anajifunza jambo ambalo huwezi kumfundisha kwa njia nyingine.

Akikusugulia kidevu kwenye goti au kiatu, furahi kimya kimya. Chini ya kidevu ana vitoa harufu, na anachofanya ni kukuandika kuwa sehemu ya mali yake.

Mkono wenye kitu

Sasa mkono wako ulete habari njema. Mama mboga akikukatia karoti, mwombe majani, wengi huyatupa. Majani ya karoti, dania, mchicha na kishona nguo kichanga kisichopuliziwa dawa, vyote sungura huvipenda. Sukuma wiki mpe kidogo. Karoti yenyewe ina sukari nyingi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba kwa siku kinatosha, na ndiyo sababu kinafaa kuwa zawadi.

Lakini kuna vitu vya kuwekwa mbali kabisa: majani na tunda la parachichi, majani ya waru (viazi mbatata) na ya nyanya, vitunguu, maharagwe makavu, na majani mabichi ya muhogo. Parachichi hasa, kwa sababu miti yake iko katika nyua nyingi na majani huanguka bandani bila mtu kuona.

Weka jani sakafuni hatua moja kutoka kwako, uendelee na kazi yako. Akilila bila wasiwasi kwa siku mbili, lisogeze karibu na goti. Kisha liweke juu ya kiganja kilicholala sakafuni, kimefunguka, hakisogei. Kisha lishike kwa vidole. Kila mara mkono wako utokee upande, usawa wake, usitoke juu. Wetu alikula kiganjani siku ya kumi na mbili. Wa jirani yangu, aliyetoka mahali alipokuwa akishikwa masikio, alichukua karibu miezi miwili. Usiwalinganishe. Aliyewahi kuumizwa ana mengi ya kusahau kwanza.

Na akichelewa, usimnyime nyasi ili njaa imlete. Nimesikia watu wakishauri hivyo. Tumbo lake halivumilii, na ukimpata kwa njaa umepata mateka.

Mguso wa kwanza

Anapokula kiganjani bila kutetemeka, mguse kwa mkono mwingine kwenye paji la uso, kati ya macho, ukipeleka kidole nyuma mpaka kwenye mizizi ya masikio. Hapo ndipo sungura wenzake humlamba. Kidevu, tumbo, miguu na mkia viache.

Mpapase mara tatu, kisha uondoe mkono. Subiri. Akiondoka, amekujibu, na jibu lake liheshimu. Akiinamisha kichwa sakafuni au akikisukuma chini ya kiganja chako, anaomba zaidi. Ukimpapasa vizuri utasikia meno yakigongana taratibu, mtetemo mdogo unaousikia zaidi kwa kidole kuliko kwa sikio. Hiyo ni raha. Kusaga meno kwa sauti kubwa, huku amejikunyata, ni maumivu, na hapo safari ni ya kwa daktari.

Kumbeba

Hii ni hatua ya mwisho, na sungura wengi hawataipenda kamwe. Tangu enzi na enzi, kiumbe kilichomwinua sungura kutoka ardhini kilikuwa kinakwenda kumla. Wangu ananilalia miguuni lakini hataki kubebwa, nami nimekubali.

Masikio si mpini. Sokoni utawaona wakining'inizwa kwa masikio, na ni ukatili, haijalishi ni wangapi wanaofanya hivyo. Mifupa ya sungura ni myepesi sana, karibu asilimia 8 tu ya uzito wake, huku misuli ya miguu ya nyuma ikiwa na nguvu kubwa. Akipiga teke hewani bila kushikiliwa nyuma, anaweza kujivunja mgongo mwenyewe. Basi ikibidi, piga magoti, pitisha mkono mmoja chini ya kifua, wa pili chini ya makalio, umgandamize kwenye mwili wako, na ubaki chini karibu na sakafu ili akiruka asianguke kutoka juu. Usimlaze chali. Akilala chali na kutulia tuli, watu husema amesinzia. Amejifanya maiti kwa hofu.

Kwa safari za kwa daktari, ni afadhali umfundishe kuingia mwenyewe kwenye kikapu kwa kumwekea majani ndani yake kila siku. Hapo kazi ya kumkamata inaisha kabisa.

Nyumba yenye watoto

Kwetu tuliweka sheria moja: sungura akiwa ndani ya katoni yake, hayupo nyumbani. Haitwi, havutwi, hachunguliwi. Hata mtoto wa miaka minne huielewa sheria hiyo, na wageni waliambiwa vilevile, wakubwa kwa wadogo. Watoto hukaa chini ndipo sungura afunguliwe. Kulisha asubuhi ni kazi ya binti yangu, lakini mimi hukagua trei kila siku, maana afya ya mnyama ni jukumu la mtu mzima.

Ukifikiria kumletea mwenzake, ni wazo jema, sungura hupenda kuishi na sungura. Hakikisha jinsia zao kwa daktari kwanza. Mimba ni siku 31 hivi, na mtajikuta na kumi. Wajulishane wakitenganishwa na waya, wala usiwatupe pamoja siku ya kwanza, watapigana vibaya.

Akirudi nyuma

Atarudi nyuma. Mtakata kucha, au mbwa ataingia uani, au mvua ya Aprili itapiga mabati mpaka msisikilizane, na kesho yake atakukimbia kama hakujui. Rudi hatua moja, kwenye jani la sakafuni au sinia la maharagwe. Mara hii siku ni chache kuliko zile za mwanzo.

Akifikisha miezi minne hadi sita anabalehe, na hapo sungura mpole, hasa jike, anaweza kuanza kunguruma na kurukia mkono unaoingia kizimbani. Analinda nyumba yake. Safisha akiwa nje.

Lakini kama mnyama aliyekuzoea anakataa kuguswa ghafla, tafuta maumivu kwanza. Chungulia masikio: magamba ya kahawia na kutikisa kichwa ni dalili za utitiri. Geuza macho kwenye nyayo. Angalia kama anadondosha mate au anachagua vitu laini tu. Huenda meno yamerefuka. Na usimtibu kwa kubahatisha. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronil inaweza kumuua, na amoksilini ya kunywa iliyobaki kwenye chupa ya mtoto huua vijidudu vyema vya tumboni mwake. Muulize daktari waziwazi kama amewahi kutibu sungura, na akikuambia hapana, muulize ni mwenzake yupi amewahi.

Wetu sasa ana wiki tisa nyumbani. Juzi jioni mvua ilishuka kutoka Menengai kwa kishindo, mabati yakaanza kuunguruma, nasi tukatazama katoni tukingoja atokomee ndani. Alipiga mguu mara moja. Kisha akavuka mkeka, akaenda kujilaza ubavuni mwa binti yangu aliyekuwa akiandika hesabu zake sakafuni. Binti yangu alinitazama, macho yamejaa. Mkono wake haukuondoka kwenye kalamu.